Valencia: binti yetu anataka kuingia falla ya mtaa. Ni mila au ni ibada?

#1 MamaWawili_VLC

Habari za humu ndugu zangu. Naomba mawazo yenu, hasa mlioko Hispania na mliolea watoto ugenini.

Tunaishi Valencia, mtaa wa Benicalap, karibu na zile karakana wanakotengeneza sanamu za Fallas. Mimi ni wa Machame, mume wangu wa Bukoba. Tuna binti wa miaka 8 na mdogo wake wa miaka 4. Binti akitoka shule lazima asimame kwenye mlango wa karakana, anajua hadi sanamu ipi imepigwa msasa na ipi imeshapakwa rangi. Rafiki zake darasani wengi wamo kwenye falla ya mtaa. Kwa msiojua: falla ni chama cha watu wa mtaa. Mwaka mzima wanachanga, wanamlipa msanii awajengee sanamu kubwa na ya watoto, zinasimamishwa barabarani katikati ya Machi, halafu usiku wa tarehe 19 zinachomwa zote. Mama mmoja ametuambia tumwandikishe na wetu. Ada ya mtoto kwa mwezi tunaimudu.

Tatizo ni tarehe 17 na 18. Siku hizo wanafalla wote wanaandamana na mavazi yao ya asili, wanawake na wasichana na gauni za hariri, kila mmoja na shada mkononi, wanapeleka maua kwa Bikira Maria, Plaza de la Virgen. Mume wangu anasema hiyo ni ibada, na mtoto aliyebatizwa KKKT (Kilutheri) asibebeshwe maua ya kupeleka kwa sanamu. Mimi naona mtoto huyu kwao kwa sasa ni hapa, na anateseka kila Machi kuwaangalia wenzake akiwa kando ya barabara.

Naulizia asili ya jambo lenyewe: Fallas ni dini au ni mila ya mtaa? Na ninyi mlifanyaje? Nawasilisha.

#2 FundiMbao

Dada, asili yake ni maseremala, dini hamna hapo. Zamani mafundi wa Valencia wakati wa baridi walifanya kazi hadi usiku, taa wameitundika kwenye kigingi cha mbao, wenyewe wanakiita parot. Baridi ikiisha mchana unarefuka, taa haina kazi. Basi mkesha wa Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa maseremala, wanatoa vigingi nje pamoja na mabaki ya mbao na maranda, wanachoma. Siku moja mtu akakivisha kigingi nguo kuukuu na kofia, kikafanana na jirani fulani, watu wakacheka. Mwaka uliofuata kila karakana ikafanya hivyo.

Mimi ni seremala, nimefanya kazi Castellón, na hii nimepewa na mafundi wenyewe, tena wazee.

#3 Sauti_Nyikani

FundiMbao umesema dini hamna, halafu mstari unaofuata umemtaja mtakatifu na mkesha wake. Sasa dini ni nini?

Mama, msikilize mumeo. Kutoka 20, usijifanyie sanamu, inajulikana. Mtoto wa miaka 8 hana uwezo wa kusema "natembea tu, siabudu". Atakachokumbuka ukubwani ni kwamba mama yake alimvisha vizuri na kumkabidhi maua ya kupeleka mbele ya sanamu.

#4 Mchambuzi_Huru

FundiMbao, heshima kwa wazee wa Castellón, ila hadithi ya parot haina ushahidi wa maandishi wa wakati huo. Inapendwa sana, imo hadi kwenye vipeperushi vya watalii. Lakini ukienda kwenye kumbukumbu za karne ya 18, ambako ndiko falla zinaanza kutajwa, utakuta majirani wa mitaa, siyo chama cha maseremala. Watu wanasimamisha vikaragosi vya kumsema mtu aliyefanya jambo la aibu mtaani, wanavichoma mkesha wa San José (Mtakatifu Yosefu). Karne ya 19 wakubwa wa mji walikerwa na kusemwa huko hadi wakaweka ushuru mzito kwa kila falla ili zipungue.

Na hili ni kwa ajili ya mume wako, MamaWawili: maandamano ya maua hayakuwa sehemu ya Fallas za zamani. Yaliingizwa miaka ya 1940, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, enzi za Franco, dola na kanisa zikiwa kitu kimoja. Kuchoma ni kwa zamani, maua yalikuja juzi. Mtu anaweza kushika moja akaacha jingine bila kuharibu mila.

#5 Peramiho_Kwetu

Mchambuzi, nimekusoma, lakini "yaliingizwa" isiwafanye watu wadhani ni kitu cha kubandika tu. Nimesimama pale Plaza de la Virgen mwaka juzi. Kuna umbo refu la mbao, urefu wa jengo la ghorofa nne hivi, juu kabisa uso wa Mama na Mtoto. Vijana wanapanda ule mtambo, wanarushiwa mashada kutoka chini, wanayapanga nyekundu hapa, nyeupe pale, hadi vazi zima la Mama linakuwa maua matupu. Watu wazima wanafika wanalia. Wengine wamefiwa mwaka huo, wengine wana mgonjwa nyumbani.

Yule ni Mama wa Walioachwa. Ibada yake ilitoka kwa chama cha huruma cha mwanzoni mwa karne ya 15, kilichohusiana na hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoanzishwa na padri Jofré baada ya kuona watu wakimpiga mawe mgonjwa barabarani. Walizika pia maiti wasio na ndugu. Sisi Wakatoliki hatuabudu mbao wala maua, tunamheshimu mama. Mlutheri asipopeleka maua hakosi kitu kwetu, ila tusiwaite wenzetu waabudu sanamu.

#6 Mjukuu_wa_Bibi

Nebukadreza alisimamisha sanamu akawachoma waliokataa kuisujudia. Hawa Wavalencia wanasimamisha sanamu halafu wanaichoma yenyewe. Sauti_Nyikani, kwa nini usiwaunge mkono? 😄

#7 Sauti_Nyikani

Mjukuu, umenichekesha, lakini ya Bikira haichomwi. Jibu hiyo.

#8 Nyota_ya_Makunduchi

Asalaam alaykum. Nimesoma bandiko #1 hadi hapa nikaona ninyi mnajadili Makunduchi bila kujua.

Kwetu kila Julai tuna Mwaka Kogwa. Wanaume wa upande mmoja na wa pili wanapigana kwa vikonyo vya migomba, yaliyowakera mwaka mzima yanatoka hapo, wanawake wanaimba wamevaa vizuri, halafu kibanda cha makuti kinachomwa moto na kuna mtu ndani anayetakiwa kutoka mbio, watu wanakuja kuzima. Sisi ni Waislamu toka enzi na enzi. Kila mwaka mabishano ni haya haya: mwingine anasema ni ushirikina, mwingine ni mwaka wa Kishirazi tu, mwingine ni kufundishana kusaidiana nyumba ikiungua, mwingine ni kufukuza balaa. Babu yangu alikuwa anaswali swala tano, na hajawahi kukosa Mwaka Kogwa. Na kwetu asiye na mgeni siku ile anaona vibaya, anatoka kumtafuta.

Kwa hiyo hao Wavalencia wanapowaita ninyi wageni muingie, mimi nawaelewa kabisa.

#9 Mchambuzi_Huru

Nyota, ahsante, hili ni zito. Kuna wanaosema Fallas nazo ni mabaki ya mioto ya kuaga baridi, kwa sababu tarehe 19 Machi iko karibu sana na siku ambayo usiku na mchana vinalingana. Wanaopinga wanasema mioto ya majira iko Ulaya nzima na bado haielezi kwa nini hapa tu kukawa na vikaragosi vya kuwasema watu. Mimi niko kundi la pili, lakini sina ugomvi na la kwanza.

#10 Mpwani_Alicante

Jamani salaam. Mimi ni wa Mombasa, niko Alicante na watoto watatu. Sisi hapa moto wetu ni wa Juni, Hogueras de San Juan, ulianzishwa rasmi 1928 kwa kuiga Fallas za Valencia. Kwa hiyo kaka Mchambuzi, hapa hakuna fumbo lolote la kale: watu walikaa, wakaamua mji wao nao uwe na sherehe kubwa, ikawa. Na kabla ya hapo moto wa San Juan ulikuwepo, ila mdogo mdogo wa mitaani.

Mwanangu wa pili yumo kwenye kamati ya watoto. Siku ya kwanza nilienda mwenyewe kuongea na rais wa kamati, mama mtu mzima, nikamwambia mambo mawili. Sisi hatuli nguruwe, na mtoto hatakwenda kupeleka maua kanisani. Akachukua daftari akaandika. Siku ya chakula cha pamoja nikakuta sufuria imeandikwa jina la mwanangu. Siku ya maua anakaa nyumbani na ndugu zake, jioni anarudi kwa wenzake. Hakuna aliyemnyooshea kidole.

Mama, nenda kaseme mapema. Watu hawa wana kelele lakini ukiwaambia jambo wanalishika.

#11 MamaWawili_VLC

Ahsanteni nyote, nimesoma kila bandiko na nimemsomea mume wangu ya Mchambuzi na ya Mpwani. Amenyamaza, na kwake kunyamaza si kukubali.

Jana nimekwenda casal, yaani ofisi ya falla yetu. Ni fremu ya duka chini ya ghorofa, ukuta mzima picha za wasichana waliokuwa malkia wa falla miaka ya nyuma, baadhi sasa ni mabibi na walikuwepo wamekaa wanacheza karata. Meza ya plastiki ndefu, watoto wanafanya mazoezi ya igizo, baba mmoja anauza tiketi za bahati nasibu ya Krismasi maana ndiko wanakopata sehemu ya fedha. Bibi mmoja alimshika binti yangu nywele zilizosukwa akauliza kama visuki vile vya pembeni, vile vinavyozungushwa masikioni na kubanwa na vichana vya dhahabu, vitawezekana juu ya twende kilioni. Wakaanza kujadiliana watu sita, kila mtu na njia yake. Binti alikuwa anang'aa.

Nauliza ya nguo sasa. Nimeambiwa bei za kutisha.

#12 Seta_Russafa

Dada usiogope. Zile za maelfu ya euro ni hariri iliyofumwa kwa mkono, fundi anatoa sentimeta chache kwa siku. Valencia ilikuwa mji wa hariri, ukienda Lonja de la Seda utaona jengo walilofanyia biashara hiyo tangu karne ya 15. Mtoto hahitaji hiyo. Watoto wanakua, kwa hiyo kila Januari kuna nguo za mtumba tele, casal nyingi zina kabati la kuazimana. Mimi nilimnunulia wangu sketi na kizibao kwa mama wa ghorofani, nikashona upya mikono. Nywele nitakusaidia, njoo na rasta za rangi yake, visuki vinatengenezwa kando halafu vinabanwa. Nimefanya kwa wasichana wa Kighana na wa Kikameruni, vinakaa hadi usiku.

#13 Muuguzi_Madrid

Kabla ya nguo, masikio. Kuanzia tarehe 1 hadi 19 Machi kila siku saa 8 mchana kuna mascletà pale uwanja wa halmashauri. Zile fataki hazipigwi kwa ajili ya kutazama, zinapigwa kwa ajili ya mlio, na ule mwisho wanaouita tetemeko unasikia kifuani. Desibeli zinapita 100. Mdogo wa miaka 4 avae viziba masikio vya kufunika sikio lote, na asikae karibu na kamba ya kuzuia watu.

Halafu na mabomu ya mkononi. Kwa kuwa ni mila, sheria imekuwa ikiruhusu watoto kuanzia miaka 8 zile ndogo kabisa, kwa kibali cha maandishi cha mzazi na mtu mzima akiwa naye. Utawaona wana kisanduku cha mbao kimening'inia shingoni, mkono wa pili wameshika kamba inayofuka moto taratibu ya kuwashia. Kisanduku lazima kifungwe kila akitoa moja. Nimeona vidole.

#14 Mjukuu_wa_Bibi

Muuguzi, kwa hiyo mnampa mtoto wa darasa la pili baruti na kamba ya moto, na tunachobishania hapa ni maua?

#15 Muuguzi_Madrid

Ndiyo maana nimeandika.

#16 Lushois_Zaragoza

Jambo wote. Mimi ni wa Lubumbashi, niko Zaragoza na familia. Mada ya maua sina la kuongeza, lakini nina langu la kufanana.

Tarehe 5 Januari usiku hapa wanapita Wafalme Watatu, wale Mamajusi, ndio wanaoleta zawadi za watoto. Mfalme wa tatu, Baltasar, ni mweusi. Shule ya watoto wangu miaka yote walikuwa wanampaka baba mmoja rangi nyeusi usoni. Mwaka mmoja mwalimu akaniita pembeni, ana aibu kabisa, akaniuliza kama naweza kuwa Baltasar. Mke wangu alikataa: "Wanakutafuta kwa ajili ya ngozi tu, siku nyingine hata salamu hawakupi." Nilifikiri sana. Nikakubali, kwa sababu moja: binti yangu wa mwisho alikuwa ameanza kusema anataka nywele za rafiki yake.

Nikavaa kilemba, joho, nikakaa kwenye kiti. Watoto walipanga foleni kubwa kwangu kuliko kwa Melchor na Gaspar. Mmoja alinigusa shavu, akaangalia kidole, akamgeukia mama yake akapiga kelele: "Haitoki! Huyu ni wa kweli!" Binti yangu alisikia. Hakusema kitu pale, lakini usiku alinipa barua yake ya Wafalme nimsomee mwenyewe.

#17 Sauti_Nyikani

Ndugu wa Zaragoza, Mungu akubariki. Hiyo nimeielewa kuliko mabandiko yote.

#18 BintiPemba_BCN

Mimi nasimama na mke wako, kaka. Kwa nini iwe Januari peke yake? Nami pia shuleni walimwita mume wangu, na alipokataa wakapaka mtu rangi bila hata kufikiri mara mbili, mwanangu akiwa amekaa mstari wa mbele. Mji wa Alcoi ndiko kwenye maandamano ya Wafalme ya zamani kuliko yote Hispania, ya karne ya 19, na hadi leo mamia ya wapambe wanapakwa weusi, wanapanda ngazi hadi kwenye roshani kupeleka zawadi. Ukiwaambia inaumiza wanakujibu ni mila na kwamba watoto wanawapenda wale wapambe. Nakubali wanawapenda. Inaniuma vile vile.

Ndiyo maana mleta mada nakuambia: mila ya watu siyo lazima uchukue yote.

#19 Lushois_Zaragoza

BintiPemba, sikupingi hata kidogo. Mke wangu hadi leo hajabadilisha mawazo na yuko sahihi kwa sehemu yake. Mimi nilimwangalia mtoto wangu tu.

#20 Mla_Ukoko

Naingiza la tumbo. MamaWawili, ukiwa falla utapikiwa paella barabarani kwa kuni za mchungwa, mitaa inashindana. Ni pilau hiyo, tofauti yake haina bizari.

#21 Seta_Russafa

Weee! Usiseme hivyo Valencia, utafukuzwa. Wali wa paella haufunikwi wala haukorogwi, sufuria ni pana ina kina kifupi, nyama ni kuku na sungura, maharage mapana na mabichi, zafarani, na kitunguu hawaweki. Lakini handle yako inakubaliwa: chini wanataka ukoko, wanauita socarrat, na watu wazima wanagombania kwa kijiko.

#22 Mla_Ukoko

Basi ni ndugu zetu. Na zile buñuelos za boga zinazokaangwa barabarani? Nilikula na ile chokoleti nzito ya moto, nikarudia.

#23 Seta_Russafa

Kila mtu anarudia. Kula zikiwa moto, zikipoa ni mpira.

#24 Mpwani_Alicante

Tukiwa kwenye chakula: zabibu 12 za mwaka mpya zimetoka huku kwetu Alicante. 1909 wakulima wa bonde la Vinalopó walivuna nyingi mno, wakabuni kwamba ukila 12 kengele zikigonga unapata bahati. Mpaka leo wanafunika kila kishada kwa mfuko wa karatasi kikiwa bado mtini.

#25 Mchambuzi_Huru

Mifuko ni kweli, lakini 1909 iliwakuta watu wanakula tayari. Magazeti ya Madrid ya miaka ya 1890 yanataja zabibu za usiku huo. Maelezo mengine: matajiri walikuwa wanaiga Wafaransa, zabibu na shampeni, na watu wa kawaida wakaenda uwanja wa Puerta del Sol kula zao chini ya saa kwa kuwakejeli. Inatajwa pia kwamba mwaka 1882 meya wa Madrid aliweka tozo kwa waliotoka kwa makelele kuwapokea Wafalme usiku wa Januari, watu wakahamishia fujo yao mwaka mpya.

#26 Mpwani_Alicante

Kwa hiyo wakulima wetu walifanya nini?

#27 Mchambuzi_Huru

Waliuza. Na kuuza kwao ndiko kulikofikisha zabibu kila nyumba, hilo nawapa.

#28 Muuguzi_Madrid

Asili yoyote iwayo, chini ya miaka 5 asipewe zabibu nzima. Zikate kwa urefu. Kengele zinapishana sekunde 3 tu, na mtoto anataka kumfikia baba yake.

#29 Kijana_wa_Catarroja

Habari wakuu. Huwa nasoma tu, leo naandika.

Mafuriko ya tarehe 29 Oktoba 2024 yalinikuta Catarroja, kusini mwa Valencia. Zaidi ya watu 220 walikufa. Chumba changu kilikuwa chini, sikubaki na kitu zaidi ya nilichovaa. Watu wa kwanza kunipa viatu na maji walikuwa wa casal ya mtaa wa pili ambayo nayo iliingiliwa na matope. Walisukuma matope nje siku mbili, wakafungua milango, ikawa ghala: maji, nepi, mabuti, makoleo. Waliniuliza nimelala wapi na nimekula lini, makaratasi hawakutaja. Mimi wakati ule sikuwa nayo.

Machi iliyofuata nilikwenda nao tarehe 17. Mimi ni msabato, maua sikubeba. Nilimsukuma bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu mwanawe alikuwa mmoja wa waliopotea kwenye maji, na yeye alitaka kufika. Sijui hiyo ninyi mtaiita nini.

#30 Peramiho_Kwetu

Pole sana mdogo wangu. Sisi hatuiiti kitu. Pole.

#31 Baba_wa_Bukoba

Salaam. Mimi ndiye mume wa mleta mada. Nimejiunga leo ili nijibu mwenyewe, msije mkadhani nina roho ngumu.

Mimi si mkali kuhusu sanamu kama mnavyodhani. Mama yangu yuko Bukoba, ana miaka zaidi ya 70. Jumapili tukipiga simu, zamani binti alikuwa anamwimbia wimbo wa sunday school, siku hizi anajibu kwa Kihispania, akihimizwa anasema neno la Kiswahili halafu anakimbia. Kihaya hana kabisa. Kila kitu cha hapa kinamvuta: shule, marafiki, katuni, sasa na falla. Upande wetu tuko mimi na mama yake tu, na tunatoka kazini tumechoka. Nilipoona ile gauni na yale maua nikaona sehemu ya mwisho iliyobaki, yaani imani, nayo inaondoka. Ndiyo nikasema hapana.

Bandiko la Nyota wa Makunduchi limenikaa. Na la huyu kijana wa Catarroja. Lakini sijabadilika juu ya tarehe 17. Naomba kuuliza mliolea watoto wakubwa: mtoto akiwa mtu wa falla, je, bado alibaki wa kwenu?

#32 Mpwani_Alicante

Shemeji, karibu. Wangu mkubwa ana 19. Mtoto aliyekuwa nje ya kila kitu hapa, yule rafiki yake ambaye hakualikwa popote, ndiye aliyeikasirikia nyumba na lugha ya mama yake. Wangu alikuwa ndani, hakuwa na cha kukasirikia. Kiswahili anakiongea kibovu, lakini anakiongea. Huyo ni mmoja tu, siwezi kukuapia kwa wengine.

#33 BintiPemba_BCN

Mimi nimeona kinyume chake, dada. Wa jirani zangu walioingia kwenye kila kitu hapa Barcelona, leo hawataki hata kwenda nyumbani likizo. Baba, weka Kiswahili kiwe sharti ndani ya nyumba, falla au bila falla. Hofu yako si ya bure.

#34 Nyota_ya_Makunduchi

Mlete Julai moja Makunduchi umkutanishe na kibanda cha makuti. Atawaeleza wenzake wa Valencia kwamba kwao pia wanachoma. Mgeni wangu, nyumba ipo.

#35 MamaWawili_VLC

Mume wangu ameandika humu yale ambayo hajanieleza sebuleni, nashukuru jukwaa. Tumekubaliana hadi sasa: anaandikishwa, igizo na siku ya kusimamisha sanamu anakwenda, tarehe 19 tunakwenda wote wanne. Tarehe 17 bado. Nitaongea na rais wa falla kama alivyofanya Mpwani. Na Jumamosi asubuhi Baba anamfundisha nyimbo za Kihaya, bibi akiwa kwenye simu.

Seta nakufuata kwa ujumbe binafsi kuhusu nywele.

#36 FundiMbao

Nimerudi. Mchambuzi, nimemuuliza mzee wangu wa Castellón kuhusu ule ushahidi. Amejibu maseremala hawakuwa na muda wa kuandika, walikuwa kazini.

#37 Mchambuzi_Huru

Mpe shikamoo yangu. Na mwambie maseremala wa sasa wanalalamika pia: mbao na karatasi zimepungua, sanamu nyingi ni povu la plastiki, moshi wake mweusi. Kuna wasanii wameanza kurudi kwenye mbao.

#38 DerevaTrela_Murcia

Wakuu poleni kwa kuchelewa. Ninyi mna Bikira na Mtakatifu Yosefu. Sisi hapa Murcia, Jumamosi baada ya Pasaka, wanamzika dagaa! Wanamtembeza samaki mkubwa wa kuigiza mjini, magari yanapita yanarusha vitu vya kuchezea kwa watoto, usiku wanamchoma. Wengine wanasema ni kuaga mfungo, lakini mfungo si umeshakwisha wiki nzima? Mwenye asili yake atusaidie. Mimi nina watoto wawili na mifuko mitatu ya midoli niliyodaka mwaka jana.

#39 Mla_Ukoko

Wanamchoma bila kumla?

#40 Peramiho_Kwetu

Mkuu wa Murcia, fungulia uzi wake. Kuaga mfungo ni maelezo moja, nimesikia na lingine la wanafunzi waliouiga kutoka Madrid, nalo lina wapinzani wake.

#41 DerevaTrela_Murcia

Naufungua leo usiku nikiegesha gari. Mchambuzi usikose.